Presha 178, bima sina, na aliyenitibu Houston ni nesi. Bei imebandikwa ukutani

#1 Giaboksi Mbovu (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kila wiki humu kuna mtu anauliza "Marekani bila bima mnatibiwaje?" na jibu ni lile lile: usiumwe. Mimi niliumwa. Ngoja nisimulie, ni ndefu kidogo, mvumilie.

Mimi ni mtoto wa Ilala, miaka 47, niko Houston mwaka wa tisa sasa. Nasambaza vyakula na vifurushi kwa gari langu mwenyewe. Bosi wangu ni simu, na simu haikatii mtu bima. Niliwahi kujinunulia, nikalipa miezi miwili, wa tatu giaboksi ikafa. Kati ya giaboksi na bima, giaboksi ndiyo inayoleta ugali. Bima ikakatika.

Mnaojiuliza kwa nini sikupewa Medicaid, ile bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo: huku Texas, mwanaume wa umri wangu asiye na mtoto wala ulemavu hapewi hata awe analala chini ya daraja. Sheria ya Obama ya 2010 ilitaka majimbo yapanue wigo, Texas ikagoma mpaka leo. Ndiyo maana karibu mtu mmoja kati ya sita hapa hana bima yoyote, na hakuna jimbo linalotuzidi kwa hilo.

Mwaka juzi kichwa kilinigonga siku mbili mfululizo, macho yakaanza kuona nyota mchana. Nikaenda emajensi ya hospitali moja kubwa (jina nakaa nalo). Saa sita pale. Wakanipima, wakachukua damu, wakanipiga picha ya kichwa, wakanipa kidonge kimoja na karatasi: "Muone daktari wako wa kawaida." Daktari wangu wa kawaida! Baada ya wiki tatu bili zikaanza kuingia, moja ya hospitali, moja ya daktari, moja ya aliyesoma picha. Jumla dola 4,180. Kuna sheria ya 1986 inayowalazimisha emajensi wakupokee na wakutulize hata kama mfukoni una vumbi. Haiwakatazi kukuletea bili.

Toka siku ile nikaacha kupima presha. Kuumwa nilikuwa naendelea kuumwa vizuri tu.

Sasa, miezi mitano iliyopita nimempelekea chakula mama mmoja Mkameruni, msusi, kusini-magharibi ya jiji. Napokea hela naegemea mlango. Akaniuliza una nini, nikasema kichwa. Akanishika mkono kama mtoto, akanivusha milango miwili, tukapita bucha ya nyama halali, tukaingia chumba kina viti sita. Ukutani kuna karatasi kubwa imepigwa plastiki: kumuona mtoa huduma dola 65, kurudi 40, kipimo cha sukari ya miezi mitatu 12, figo na chumvi za damu 28, mkojo 8. Nilisimama nikaisoma mara mbili. Miaka tisa nchi hii sijawahi kuona bei ya matibabu kabla ya kutibiwa.

Aliyenipokea ni mama wa Kinijeria, umri wa dada yangu mkubwa. Nikakaa kitini, nikaanza kujieleza. Akaweka kidole mdomoni. "Miguu chini, usikunje nne. Egemea. Mkono hapa mezani. Vua hiyo sweta. Dakika tano hatuongei." Akakaa kweli dakika tano, anaangalia saa yake. 178 kwa 104. Akasubiri tena, akapima mkono wa pili: 172 kwa 102. Pale hospitalini walinivalisha ile mpira juu ya jaketi huku nimesimama najibu maswali ya anwani.

Akauliza nalala saa ngapi, nakoroma, nakula nini garini (tambi za pakiti, na ule unga wake wa chumvi wote), babangu alikufa na nini. Akachukua damu na mkojo. Akaniandikia amlodipine, akaniambia duka gani nikachukue: dola kumi na kitu kwa miezi mitatu.

Nikamuuliza, "Daktari mwenyewe anakuja saa ngapi?" Akacheka. "Daktari yupo kwenye karatasi."

Kumbe yeye ni NP, yaani nesi aliyerudi chuo akasomea kuchunguza, kutambua ugonjwa na kuandika dawa. Kliniki ni yake. Lakini Texas haimruhusu kuandika hata dawa ya presha bila mkataba na daktari mwenye leseni, na wawe na kikao kila mwezi. Kwa saini hiyo anamlipa huyo daktari dola 800 kwa mwezi. Nikapiga hesabu palepale: wagonjwa kumi na mbili wa mwanzo kila mwezi ni wa daktari ambaye hajawahi kuwaona.

Sehemu ya pili naileta. Nimefika kwa mteja.

#2 Kidagaa Kimemuozea

Nimekaa siti ya mbele, karanga ninazo. Tiririka mkuu.

#3 Mwasu wa Same

Mimi nilijua NP ni cheo cha kwenye magereza. Nimejifunza kitu.

#4 Dokta Stetho

Pole sana mkuu, na nafurahi umepata pa kushika. Ila niweke la moyoni, nimesoma Muhimbili na sasa nipo kwenye mafunzo ya tiba ya ndani hapa Ohio.

Huku daktari anasoma miaka minne ya digrii ya kwanza, minne ya udaktari, halafu isiyopungua mitatu ya mafunzo hospitalini, ambako saa zake zinapita elfu kumi kirahisi. NP anakuja na uzoefu wake wa unesi, sawa, lakini saa za kumuona mgonjwa ndani ya masomo ya NP kiwango cha chini kilikuwa 500 kwa miaka mingi, mwaka 2022 ndipo wakapandisha hadi 750. Na kuna vyuo vya mtandaoni ambavyo mwanafunzi anajitafutia mwenyewe wa kumfundisha kwa vitendo. Siyo uwanja mmoja.

Presha ya 178 kwa mtu wa miaka 47 inaweza kuwa presha tu. Inaweza kuwa figo. Inaweza kuwa mshipa wa figo, au tezi ya juu ya figo inayomwaga homoni. Swali langu kwa mleta uzi: alikupima kreatinini na potasiamu? Kipimo cha moyo je?

#5 Giaboksi Mbovu

Dokta Stetho, figo na potasiamu ndiyo ile ya dola 28, majibu yalirudi kesho yake safi. Mkojo safi. Mashine ya moyo hana. Alinielekeza kituo cha afya cha jamii nikapime huko kwa dola 20, nimekwenda, safi pia. Na aliniambia maneno haya: "Nikikupa dawa tatu na presha ikagoma, mimi na wewe tunaachana, unakwenda kwa bingwa."

#6 Dokta Stetho

Hapo sina neno. Huyo anajua kazi na anajua mpaka wake. Wasiwasi wangu ni wale wasioujua.

#7 Binti Pangani

Dokta nakuheshimu, lakini wasioujua mpaka wao wapo na wenye PhD.

Mimi ni nesi Virginia, mwaka wa mwisho wa NP, kwa hiyo mnisamehe nikivutia kwangu. Kazi hii ilianza Colorado mwaka 1965. Nesi wa afya ya jamii, Loretta Ford, alikuwa anazunguka vijijini anaona watoto hawana daktari wa karibu, akashirikiana na daktari wa watoto Henry Silver, wakaanzisha mafunzo ya kwanza chuo kikuu cha Colorado. Manesi wenzake ndio waliompiga vita mwanzoni kuliko hata madaktari, wakiona anawageuza kuwa madaktari nusu. Bibi huyu amefariki Januari 2025 akiwa na miaka 104, na kaacha ma-NP zaidi ya laki tatu na themanini nchi nzima.

Kuhusu ubora, New York walifanya jaribio, likachapishwa 2000 kwenye jarida la JAMA. Watu 1,316 waliokuwa wamekuja emajensi na kliniki za haraka bila kuwa na daktari wao, wengi wahamiaji wanaozungumza Kihispania, wakagawanywa kwa bahati nasibu: hawa kwa NP, hawa kwa daktari, mamlaka yale yale. Baada ya miezi sita afya zao hazikutofautiana. Kitu kidogo: wenye presha waliokwenda kwa NP, namba ya chini ya presha (ile ya pili) ilikuwa 82, kwa madaktari 85.

#8 Dokta Stetho

Miezi sita, dada. Presha inaua kwa miaka ishirini.

#9 Binti Pangani

Kweli. Na asiyetibiwa kabisa haihitaji hata hiyo ishirini. Mleta uzi hakuwa anachagua kati ya wewe na yule mama. Alikuwa anachagua kati ya yule mama na kuegemea mlango.

Niwape na hii. Kusini-magharibi ya Virginia, milimani kwenye makaa ya mawe, kuna The Health Wagon. Mwaka 1980 mtawa mmoja wa Kikatoliki, Sista Bernadette Kenny, NP, alianza kuzunguka na Volkswagen kobe, dawa nyuma ya gari, anatibu wachimbaji na wajane wao. Leo wana magari makubwa yenye vyumba vya kupimia na wanaoongoza ni ma-NP. Nilikwenda kujitolea wikendi moja. Saa kumi na moja alfajiri ukungu umeshuka mpaka barabarani, na magari yameshapanga foleni, watu wamelala ndani na mablanketi. Wazungu watupu, wazee, vifua vinakoroma kwa vumbi la mgodini. Mmoja alikuwa amekata vidonge vyake vya sukari nusu nusu kwa wembe, ameviweka kwenye kopo la tumbaku, kwa mpangilio mzuri kabisa, ili vimfikishe mwisho wa mwezi. Nilikulia nikidhani shida hiyo ni ya kwetu.

Virginia ilipanua Medicaid Januari 2019, foleni ikapungua. Haikuisha.

#10 Mzee Tabibu (mstaafu)

Vijana, mnanichekesha mnavyobishana kitu ambacho sisi tumekiishi.

Mimi ni afisa tabibu mstaafu, nimetumikia Kigoma, Rukwa, nikamalizia Singida. Waulizeni mama zenu aliyewatibu malaria pale zahanati alikuwa nani. Mlimwita "daktari". Hakuwa daktari, alikuwa tabibu, au msaidizi wake. Na juu yetu walikuwepo madaktari wasaidizi, kada iliyoanza 1963, wakifanya upasuaji wa uzazi katika wilaya ambazo daktari mwenye digrii alikuwa akipita na Land Rover mara moja kwa mwezi. Wengi wenu humu mmetolewa tumboni na mikono hiyo.

Tofauti ninayoiona ni moja. Sisi tulikuwa na kitabu cha miongozo, na tulikuwa na wa kumpelekea: kituo cha afya, wilaya, mkoa. Ukikwama na mgonjwa unajua pa kumtupia. Huyo mama wa Houston anamtupia nani mtu asiye na bima? Hilo ndilo ningelitaka mleta uzi alijibu, hayo ya saa mia tano na elfu kumi ni ya vyuoni.

#11 Nyanya Chungu

Mzee Tabibu shikamoo. Nimetoka hapo Nkungi, Singida. Inawezekana umenichoma sindano wewe.

#12 Mzee Tabibu (mstaafu)

Marahaba mjukuu. Kama ulilia sana ni mimi.

#13 Omogaka wa Minnesota

Watu wangu, mimi ni Mkisii, niko Brooklyn Park. Hii maneno ya kulipia saini hapa Minnesota ilikwisha 2015. NP akimaliza shule anafanya masaa 2,080 akiwa na mwenzake mzoefu ama daktari, baada ya hapo anajisimamia. Zaidi ya nusu ya majimbo sasa yako hivyo. Hata New Mexico hapo jirani yako, Giaboksi. Mama yule akivuka mpaka pale El Paso, hizo 800 zinabaki kwa mfuko wake.

Nyumbani Kenya klinishiani, yaani matabibu, ndio wanashikilia dispensari zote, na sheria yao wenyewe wanayo tangu 2017. Lakini tusijidanganye, SHA, bima mpya ya afya ya serikali, imeingia Oktoba 2024 kuchukua nafasi ya ile ya zamani, NHIF, na mamangu bado anauliza kadi gani inafanya kazi wapi.

#14 Msema Kweli Daima

Nesi ni nesi tu. Mnapewa huduma ya daraja la tatu mnashangilia. Matajiri mbona hawaendi huko?

#15 Kidagaa Kimemuozea

Huyu kalipiwa bima na mwajiri, msimjibu.

#16 Furaha wa Bukavu

Bandugu, jambo. Miye niko Des Moines, Iowa. Ku kliniki yetu ni NP njo anatuangaliaka, iko na roho muzuri sana. Shida iko ku luga. Bananiitiaka mutafsiri ku simu, bule, sheria inawalazimisha. Siku ya kwanza mutafsiri alikuwa wa Tanzania, akasema "una shinikizo la damu". Miye nikasikia banataka kunikamua damu. Nikakatala, nikasimama. NP akaniangalia, akachukua ile kitambaa ya kufunga ku mukono, akaionyesha, akapuliza mashavu: fuuu! Nikasema, aaah, kumbe njo tansio! Tukacheka bote, na mutafsiri ku simu anauliza kuko nini.

#17 Binti Pangani

Furaha nimecheka hadi nimelia. Sisi wenyewe nyumbani tunasema presha, hilo "shinikizo" ni la redioni.

#18 Mhasibu wa Mtaa

Mleta uzi, nirudi kwenye hizo 4,180. Hospitali isiyo ya kibiashara lazima iwe na utaratibu wa msamaha kwa wenye kipato kidogo, ni sharti la kodi yao, na una siku 240 tangu bili ya kwanza kuomba. Hawatakuambia, lakini karatasi ipo. La pili, tangu Januari 2022 mtu asiye na bima akipanga miadi ana haki ya kupewa makadirio ya gharama kwa maandishi. Bili ikizidi makadirio kwa dola 400 au zaidi unaweza kuipinga rasmi. Kwa emajensi ya ghafla hiyo ya pili haikusaidii.

#19 Giaboksi Mbovu

Mhasibu, ungenipata mwaka juzi. Siku 240 zimepita, nimepangiwa dola 50 kwa mwezi. Nitamaliza mwanangu akioa, na mtoto mwenyewe sina.

Mzee Tabibu, shikamoo. Umegusa penyewe. Wa kumpelekea mtu ni vile vituo vya jamii vinavyopata fedha za serikali kuu. Unakwenda na kipande cha mshahara au fomu ya kodi na barua yenye anwani, wanakupangia kwa kipato. Mtu mmoja mwenye chini ya dola 15,650 kwa mwaka (hesabu ya 2025) analipa kitu cha jina tu, punguzo linaendelea hadi ukifika mara mbili ya hapo. Huruhusiwi kurudishwa kwa kukosa hela. Kwa hiyo kwa nini siendi huko moja kwa moja? Nilipiga simu, nafasi ya mgonjwa mpya ilikuwa baada ya wiki tisa. Kwa yule mama niliingia na harufu ya chakula cha mteja mikononi.

#20 Mgeni Njoo

Samahani nauliza kwa ajili ya rafiki. Na sisi ambao makaratasi hayajakaa sawa?

#21 Binti Pangani

Mwambie rafiki asikae nyumbani na homa. Kliniki binafsi kama ya huyo mama hazina sababu ya kukuuliza, na zile za bure zinazoendeshwa kwa michango vivyo hivyo. Vituo vya fedha za serikali kuu vilikuwa vinapokea yeyote, lakini Julai 2025 wizara ya afya ilitangaza kuvibana visiwahudumie wasio na makaratasi, majimbo kama ishirini yakaenda mahakamani na kupata zuio kwa upande wao. Texas haimo kati ya hayo. Piga simu kwanza, uliza bila kutaja jina.

#22 Giaboksi Mbovu

Sehemu ya pili, kama nilivyoahidi.

Mwezi wa pili nilirudi miguu imevimba, soksi zinaacha mfereji. Nikajua ndiyo figo zimekwenda, nikaanza kuwaza maiti yangu itasafirishwaje. Akabonyeza kwa kidole gumba, akahesabu, akasema ni amlodipine, hufanya hivyo. Akapunguza dozi, akaongeza nyingine. Dola 40. Aliniazima kipimo cha presha nikae nacho nyumbani wiki mbili niandike asubuhi na jioni. Nikaandika nyuma ya risiti za wateja. Leo asubuhi: 132 kwa 84. Kichwa kimenyamaza mpaka nasikia redio ya gari ina mkwaruzo.

#23 Dokta Stetho

Namba nzuri mkuu. Endelea kuandika hizo risiti.

#24 Nyanya Chungu

Tupe eneo PM, kaka yangu yuko Houston.

#25 Giaboksi Mbovu

Nyanya, subiri kidogo. Nilikuwa nimeandika jibu lako, ikaingia meseji ya kliniki, imetumwa kwa wagonjwa wote. Daktari wa kwenye karatasi anastaafu mwisho wa mwezi. Yule mama asipopata mwingine wa kusaini, hawezi kuandika dawa, na atafunga mlango. Anasema amepiga simu kwa wanne. Mmoja anataka 1,500.

#26 Omogaka wa Minnesota

Haki ya Mungu.

#27 Mzee Tabibu (mstaafu)

Umebakiwa na dawa za muda gani?

#28 Giaboksi Mbovu

Miezi miwili na siku kumi na moja, mzee. Nimezihesabu mezani sasa hivi.